Pembe Sitampa Mume Wangu

Kiritiri,
Jumapili, baada ya ibada

...kwa hivyo jibu langu ni hapana, Mama. Juzi kwenye simu uliposema kwamba mume wangu Ireri aiguse tu pembe ya pombe kwa midomo, hata asimeze, ndipo Baba Mdogo Mbaabu aridhike na mambo yaishe, nilinyamaza, na wewe ukadhani mtandao umepotea. Mtandao ulikuwepo. Ni mimi niliyekosa la kusema, kwa sababu nilijua umeweka simu sauti ya nje na Baba Mdogo ameketi hapo kando yako anangoja. Sasa nimekaa na kalamu, hakuna anayetusikiliza, na nitakueleza yote bila kukatizwa.

Lakini naona nimekimbilia mbele kama kawaida yangu, hata sijakusalimu. Hujambo, Mama? Goti linakusumbua bado ukipanda ule mteremko wa kwenda kanisani? Baba amepona kikohozi, au bado anajidai ni vumbi tu? Na yule ng'ombe ameshazaa? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na nimeungua na jua mpaka ukiniona utauliza huyu ni binti ya nani. Huku joto linaanza kabla ya chai ya asubuhi. Siku za kwanza nilikuwa nafua nguo na kuanika, na kabla sijamaliza kuanika ya mwisho, ya kwanza imekauka. Kule kwetu Kanyakine tungengoja siku mbili na bado soksi zingekuwa na unyevu.

Nimeolewa vizuri, Mama. Utasema hayo ni maneno ya mtu aliyeolewa juzi, na ni kweli nimeolewa juzi, lakini nayasema. Ireri akiwa anarudi kutoka kwa mbuzi hupiga mluzi akiwa bado mbali, ili nijue ni yeye. Ni wimbo uleule mmoja, na anaukosea mahali palepale kila siku, na mimi huacha chochote ninachofanya nikamngoja afike pale anapokosea. Ananianikia leso kwenye kamba mbele ya wanaume wote wa kituo na haoni haya. Anajifunza Kimeru chetu, akisema neno najikaza nisicheke, kisha nacheka, naye anarudia hivyohivyo makusudi. Chumba chetu ni kimoja, cha mabati, na mchana huwezi kukaa ndani. Jioni tunaketi nje, mgongo wangu kwenye bega lake, tukichagua ndengu za kesho, na sijawahi kutaka kuwa mahali pengine.

Ulikuwa umeniuliza tunafanya nini hasa hapa, kwa sababu watu wa kwetu wanakuuliza kama ni hospitali au ni jela. Si yoyote kati ya hizo. Ni shamba na mabweni. Wanaume walioshindwa na pombe wanakuja kukaa hapa mwaka mzima na zaidi, mbali na wenzao wa kunywa na mbali na wake zao. Wanaamka mapema, wanasali, wanalima, wanachunga mbuzi, wanapika kwa zamu, na jioni wanaketi kwenye mduara kila mtu anasema siku yake ilivyokuwa. Mkuu wetu ni Mwalimu Nyaga, mzee mpole aliyefundisha shule ya msingi miaka mingi na aliyekunywa miaka mingi pia, naye haoni aibu kusema yote mawili. Lango letu halina kufuli. Anayetaka kuondoka anaondoka, ila sheria ni kwamba kabla hajavuka amwambie mwenzake mmoja. Ireri alikaa hapa kama wao, na muda wake ulipoisha Mwalimu akamwomba abaki asimamie mifugo na awapokee wapya.

Haya yote niliyajua kabla ya kumpenda, na nataka ukumbuke hilo. Nilikuwa nauza dawa za mifugo kule Meru mjini, naye alikuja kununua dawa ya minyoo ya mbuzi. Alirudi tena kununua dawa ya kupe. Mara ya tatu hakununua kitu. Aliegemea kaunta akasema, "Kabla hujanizoea, ujue mimi ni mlevi."

Nikamtazama. Shati limepigwa pasi, macho meupe. Nikamwambia, "Sioni ukiwa umelewa."

"Sijalewa. Lakini ni mlevi."

Nilidhani ni mzaha wa watu wa kwao Mbeere. Haukuwa mzaha. Na kusema kweli, Mama, hata baada ya harusi sikuwa nimemwelewa. Nilidhani mume wangu ameshapona, kama mtu aliyevunjika mguu ukaunga. Wiki iliyopita ndipo nilipoelewa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Unakumbuka uliponiambia Baba Mdogo anataka pombe ya asali siku mkwe atakapokaribishwa nyumbani, nilikwambia usijali, nitatafuta njia. Njia yangu ilikuwa ucuru, ule uji wetu. Nilikumbuka siku binamu yangu Makena alipokaribishwa na mumewe: kwa kuwa wao ni watu wa kanisa, pembe ilijazwa uji mchachu badala ya pombe, na wazee wakanywa, wakabariki, hakuna aliyelalamika. Nikasema nitaanza kwa kuwapikia wanaume wa hapa, nione kama mkono wangu bado uko sawa, halafu nije na kibuyu kizima nyumbani.

Basi nikasaga wimbi na mahindi, nikapika uji, nikauacha upoe, nikaumimina kwenye kile kibuyu ulichonifungia kwenye leso siku ya harusi, nikaweka kifuniko. Nikakihesabia siku zilezile tunazohesabu Kanyakine. Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu kibuyu kinakaa kwenye kona ya jikoni na ukungu unaingia kwa dirisha, na uji unachacha polepole kama mtu asiye na haraka. Hapa usiku mmoja tu ungetosha, ukizidi uji unakuwa pombe. Nilipofungua kibuyu kilitoa pumzi, na povu likapanda mpaka shingoni. Nami, mwanao, nilifurahi. Nilisema sijawahi kupata ucuru mzuri hivi.

Niliwapelekea wakiwa wametoka kuchimba mashimo ya ndengu, wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Kuna mmoja anaitwa Mugo, alikuwa mpakiaji wa mchanga kwenye malori, ndiye mwenye maneno kuliko wote. Akapokea kikombe, akasema, "Shemeji, leo umetukumbuka. Uji anaotupikia mume wako ni maji yaliyopita karibu na unga."

Wakacheka. "Kunywa uache kumsema mume wa watu," nikamwambia.

Akanywa. Nilingoja anisifu au anitanie, lakini akanyoosha kikombe tu. "Ongeza." Nikaongeza. Mwingine, kijana mkimya ambaye sijawahi kusikia sauti yake vizuri, akaanza kuongea kwa nguvu. Mzee mmoja akanusa kikombe chake, akakiweka chini kwa upole, akaenda kwenye bomba la maji akanawa uso. Bado sikuelewa. Nilidhani wamechoka. Mugo akanyoosha kikombe tena, na mara hii hakunitazama.

Ireri akatokea mlangoni. Hakuingia, Mama. Alisimama pale kama mtu aliyegonga ukuta ambao sisi wengine hatuuoni.

"Kagendo, hicho ni nini?"

"Ni ucuru. Ni wa kupeleka nyumbani, nilitaka waonje kwanza."

Akaja akachukua kibuyu, akachukua na sufuria, akatoka nje akamwaga vyote chini ya ua. Akarudi akaanza kukusanya vikombe. Watu walimpa, isipokuwa Mugo.

"Mugo, leta."

"Ni uji tu, bwana."

"Najua. Leta."

Mugo alikishika kikombe kwa muda, kisha akakiachilia. Mimi nikaenda chumbani kwetu nikalia. Wimbi nililosaga kwa mikono yangu limemwagwa mbele ya watu, na hakuna aliyenieleza kwa nini. Nilipomaliza kulia nikaanza kupanga maneno. Unajua ninavyopanga maneno. Niliyapanga makali na mazuri, nikanywa maji, nikangoja Ireri aje niyaseme. Hakuja. Basi nikachukua jagi la maji kama kisingizio, nikaenda kumtafuta na maneno yangu.

Nilimkuta langoni. Mugo alikuwa ameketi juu ya jiwe, begi lake likiwa miguuni, na Ireri ameketi kando yake chini kwenye vumbi. Walinipa mgongo. Nikasimama nyuma ya ua nikingoja nafasi, na ndivyo nilivyosikia.

Mugo alisema, "Ulimwaga kama mtu anayemwaga sumu. Na ni kazi ya mke wako."

"Nilimwaga haraka kwa sababu polepole nisingeweza."

Mugo akageuka kumwangalia. "Wewe?"

"Mimi. Harufu ilinipata pale mlangoni. Mikono yangu ilikuwa inataka kuchota kabla ya kumwaga. Kama Kagendo hangekuwa ananitazama, sijui."

"Na ndiwe unayetuambia sisi jioni tusiguse."

"Ndimi."

Mugo akacheka kidogo, kicheko kisicho na mzaha. Kisha akauliza, "Na huko kwa wakwe? Nasikia kuna pembe ya pombe ya asali. Nasikia mke anaonja, anampa mume, mume anampa mzee."

"Ndivyo walivyosema."

"Utafanyaje?"

"Nitafanya vile Kagendo atasema. Yeye ndiye anayejua kwao."

"Akisema unywe?"

Ireri alichukua kijiti akaanza kuchora kwenye vumbi. Kisha akasema, "Nitakunywa. Wale watu wamenipa binti yao wakijua nilivyokuwa. Siwezi kumwaibisha mbele yao."

Mama, niliondoka pale na jagi langu, na sikumbuki maneno niliyokuwa nimeyapanga. Nilijiona nikiwa uani kwetu, nimevaa ile nguo ya kijani, wazee wameketi, nami nimeshika pembe kwa mikono miwili. Naonja, natabasamu, namgeukia mume wangu na kumpa. Si Baba Mdogo atakayempa, si wewe. Mkono utakaompa ni wangu. Naye ataipokea kwa sababu ni mimi, atakunywa kwa sababu ananipenda, na watu watapiga vigelegele. Halafu tutarudi huku, na kila siku nitakuwa nangoja kusikia kama mluzi unakuja au hauji.

Ndiyo maana nimesema hapana mimi mwenyewe. Ireri akiachiwa achague kati ya heshima yangu na nafsi yake, atachagua heshima yangu. Basi simwachii achague.

Mugo hakwenda siku ile. Jua lilipopungua makali alirudisha begi bwenini, akaenda kuchukua jembe alilokuwa ameliacha shambani. Akanipita akasema, "Shemeji, kesho tupe chai." Sisemi atamaliza mwaka, kwa sababu hapa hatusemi hivyo juu ya mtu yeyote. Nasema tu kwamba leo asubuhi alikuwa anakamua mbuzi na kumtukana mmoja aliyempiga teke.

Jioni ileile nilimwomba Ireri msamaha, naye akaniomba wa kumwaga wimbi langu. Kisha nikamwambia, "Ile pembe sitakupa."

"Baba Mdogo je?"

"Ni baba mdogo wangu. Niachie."

Akachukua mkono wangu akauweka shavuni kwake. Kama ningekuwa sijaolewa naye, ningeolewa naye pale.

Sasa, Mama, ninajua ninachokuomba. Ninajua Baba amemwachia ndugu yake mambo yote ya kimila, na Baba Mdogo akikasirika ni wewe atakayekusema barazani kwamba hukumfunza binti yako. Nisamehe kwa hilo. Ninajua pia ninachoweza kukosa. Makena alipobarikiwa nilikuwa kidato cha pili, nimesimama nyuma nikibeba sinia, na yale maneno ya wazee niliyashika yote kichwani. Nilikuwa nikiyarudia nikienda kuchota maji, naweka jina langu pale palipokuwa na jina lake. Nimeyangoja miaka yote hii. Ninayataka bado. Lakini kama bei yake ni mume wangu kuonja, basi wayahifadhi, nami nitaishi bila hayo.

Zungumza kwanza na Baba, akishamaliza kukamua na kunywa chai yake, usimwambie akiwa na njaa. Halafu muende wote wawili kwa Baba Mdogo. Mwambieni pembe ijazwe maziwa. Mwambieni pia kwamba siku hiyo kusiwe na pombe popote uani, hata ghalani, hata ile ya wazee watakaobaki jioni sisi tukishaenda. Na Mama, tafadhali, usimwambie Baba Mdogo kwamba Ireri ana vidonda vya tumbo au kwamba daktari amemkataza. Ninakujua, najua umeshautunga huo ugonjwa na hata dawa zake. Ireri hamfichi mtu jambo hili, alinieleza mimi kwenye kaunta ya duka, na sitaki aingie kwetu akute uongo umeshamtangulia. Sema tu ukweli: mkwe wetu alikuwa mlevi, ameacha, na tunamsaidia asirudi. Baba Mdogo si mtu mbaya. Alimzika rafiki yake yule fundi wa baiskeli, na anajua alizikwa kwa sababu gani. Mkumbushe kwa upole, mkiwa watatu tu, si mbele ya marafiki zake.

Tunakuja na beberu mnono, Ireri mwenyewe amemlea, na gunia la ndengu. Asali hatuleti. Nilitaka kuleta, kwa kuwa huku ni nchi ya nyuki, lakini Mwalimu Nyaga alicheka akasema kumletea Baba Mdogo asali ni kumletea pombe ambayo bado haijachacha. Ireri anasema angependa kuwapikia wazee chai kwa mikono yake kama anavyowapikia wanaume wa hapa. Nimemwambia mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, akaniuliza nani atamzuia, nikamwambia ni wewe na mwiko wako.

Msalimie Baba sana, umwambie kofia yake niliyoondoka nayo iko salama na ndiyo inayoniokoa na jua hili. Msalimie Nyanya, na umsomee barua hii yote bila kuruka mahali, kwa sababu yeye ndiye aliyeishi na mume wa chupa na hatahitaji maelezo. Msalimie dada yangu Nkatha na watoto wake, na Makena na mumewe. Na Baba Mdogo Mbaabu mpe salamu zangu za kwanza kabisa, za heshima kamili, kabla hujamwambia lolote. Ireri anawasalimu ninyi nyote, na ameniuliza mara tatu kama nimeliandika hilo.

Kuhusu safari, usingoje nikupigie simu nikuulize Baba Mdogo amesemaje. Hatusafiri kwa jibu lake. Akikubali, tutaketi na wazee tukabarikiwa. Akikataa, tutasimama barabarani mbele ya boma, kwa kuwa mkwe asiyekaribishwa haingii, tutamsalimia kila anayepita, wewe utatutolea chai hapohapo, na tutainywa tukiwa wima mbele ya Kanyakine nzima. Lakini tunakuja, Mama, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, mimi na mume wangu, tumeshikana mikono.

Bintiyo, mke wa Ireri,
Kagendo